Mifupa Ikicheza Tunacheka: Siri ya Ngoma za Halloween na Vile Prodyusa wa Nairobi Anaweza Kuomoka Nazo

Oktoba ikiingia Nairobi, unajua vile mambo huenda. Mabango ya sherehe za Halloween yanajaa kwa simu, wasee wanasaka damu ya bandia na meno ya Dracula, na lazima kuwe na vita mtandaoni: mmoja anasema hii ni sikukuu ya wazungu, mwingine anamuuliza kwani Krismasi ilitoka Kitui. Hiyo vita tuwaachie wenyewe. Leo skiza kitu kingine: muziki ulio chini ya hizo video zote.

Siongelei ngoma za klabu. Naongelea ule muziki wa okestra wenye vayolini zinazonyata, kengele ndogo ndogo na tuba inayotembea ka mzee ametoka kwa keg. Muziki unaokuambia kuna mzuka nyuma ya mlango, halafu unakukonyezea jicho. Unaujua hata ka hujui jina lake. Uko kwa katuni, kwa matangazo, kwa magemu, kwa kila video ya boga lililochongwa macho.

Na hapa ndio kuna stori. Huu muziki unatafutwa kila mwaka bila kukosa, mapishi yake yamekuwepo kwa zaidi ya miaka 140, na sehemu kubwa ya hayo mapishi ni ya bure kisheria. Mayut wa Nairobi wenye laptop na masikio mazuri wangekuwa wanakula hapo. Lakini kabla tufike kwa doh, lazima tuelewe huo muziki unafanya kazi vipi, juu ukiukosea unatoa kelele tu.

SIRI IKO KWA THE SIMPSONS

Anza na ngoma ambayo karibu kila mtu aliyekulia mbele ya TV anaijua: ile kwaya inayofungua The Simpsons. Iliandikwa 1989 na Danny Elfman, msee wa Los Angeles. Sasa tafuta kinanda, hata kile cha simu. Gonga C, halafu F#. Hizo nota mbili zinakuna. Wanamuziki huita hiyo nafasi tritoni, na kwa miaka mingi watunzi wameitumia kuleta shetani, wachawi na hatari. Haya, ongeza G.

Umeskia? Kile kitu kilikuwa kinatisha kimepanda nusu hatua tu, na kimegeuka kicheko. Kwaya ya The Simpsons inafanya hivyo hivyo: C, F#, G. Inakushtua, kisha inakucheka kwa kushtuka.

Hiyo ndiyo kanuni yote. Muziki wa kutisha kabisa unakuacha kwa F# na kuzima taa. Muziki wa kuchekesha tu haufiki hapo kamwe. Ule wa Halloween ya kucheza unakupeleka mpaka ukingoni, unakuonyesha shimo, halafu unakuvuta shati urudi. Tena na tena, kwa dakika mbili.

Linganisha na filamu ya Halloween ya John Carpenter ya 1978. Carpenter alitunga muziki wake mwenyewe, piano inayorudia kitu kimoja kwa mapigo ya 5/4. Alifunzwa hayo mapigo na babake akiwa mdogo, kwa kugonga bongo. Mwili wako unangoja nne, yeye anakupa tano, na mguu wako haupati pa kutulia. Hiyo ni ngoma ya kukunyima usingizi. Muziki wa kucheza na mizuka unafanya kinyume: nota zinatisha, lakini mapigo yanakualika udunde.

KIFO CHENYEWE KIKISHIKA VAYOLINI

Mwalimu wa huu mchezo ni Mfaransa, Camille Saint-Saëns. 1874 alimaliza kipande kinaitwa Danse macabre, na 1875 kikapigwa Paris kwa mara ya kwanza. Stori yake ni rahisi: saa sita ya usiku inagonga, Kifo kinatoka na vayolini, mifupa inafufuka makaburini na kudunda mpaka alfajiri.

Angalia vile alipika. Kinubi kinapiga nota moja mara 12. Hiyo ni saa. Halafu vayolini inaingia, lakini Saint-Saëns alimwambia mpigaji alegeze uzi mmoja, E ishuke iwe E bapa. Ukipiga huo uzi pamoja na ule wa A ulio kando yake, unapata tritoni palepale, kabla hata ya kuweka kidole. Yaani vayolini ya Kifo imeharibika makusudi. Kisha zailofoni inaingia, kavu, ko-ko-ko, na hiyo ndiyo mifupa inagongana. Yote haya yamekalia mapigo ya 3/4, walzi, ile dansi ya wazito kwa kumbi zao. Mwishoni oboe inawika ka jogoo, na kila mtu anarudi kaburini mbio.

Tena kuna utani mwingine ndani. Dies irae ni wimbo wa zamani wa kanisa Katoliki kuhusu siku ya hukumu, uliokuwa ukiimbwa kwa misa ya wafu. Nota zake nne za kwanza ni ka kushuka ngazi kwa woga: C, B, C, A. Saint-Saëns aliuchukua, akaupeleka kwa ufunguo wa furaha, akaufanya walzi. Ni ka kuchukua wimbo wa mazishi na kuuweka kwa bit ya gengetone. Aliyeelewa alicheka. Ambaye hakuelewa alihisi tu kitu kiko nje ya mahali pake, na hiyo pia inafanya kazi.

Hizo nota nne bado ziko kazini. Ziko mwanzo wa The Shining ya 1980, zikitisha kabisa. Na ziko ndani ya The Nightmare Before Christmas ya 1993, pale viumbe vya mji wa Halloween vinatengeneza zawadi za Krismasi bila kujua zawadi ni nini. Nota zile zile, kazi mbili tofauti. Tofauti yote imeletwa na mapigo na vyombo.

KILA CHOMBO NA TABIA YAKE

Ukitaka kuandika hii kitu, fikiria okestra ka mbogi ya mtaani. Kila msee ana tabia yake, na kazi yako ni kuwapangia nani aongee saa ngapi.

Basuni ni ile filimbi ndefu ya mbao inayosikika ka babu ananung'unika. Ikipiga nota fupi fupi chini, mtu anaanza kutabasamu kabla ajue ni kwa nini. Paul Dukas aliitumia 1897 kwa The Sorcerer's Apprentice, stori ya mwanafunzi wa mchawi aliyeroga ufagio umchotee maji halafu akashindwa kuuzima. Hiyo basuni ndio ufagio unatembea. Disney waliichukua 1940 kwa Fantasia, wakampa Mickey Mouse hiyo kazi, na mpaka leo basuni ndiyo sauti ya uchawi uliokataa kutii.

Selesta inakaa ka piano ndogo, lakini ndani nyundo zinagonga vibao vya chuma. Ilibuniwa Paris 1886. Sauti yake ni tamu ka peremende, lakini ukiiweka kwa ufunguo wa huzuni, hiyo peremende inaanza kukutia wasiwasi. Ukitaka kuiskia, weka wimbo wa bundi wa Harry Potter, kazi ya John Williams ya 2001.

Vayolini usizipige kwa upinde kila saa. Dona nyuzi kwa kidole. Huo mdono ni hatua za mtu anayenyata. Edvard Grieg wa Norway alijua hivyo kwa In the Hall of the Mountain King, iliyopigwa mara ya kwanza 1876. Inaanza chini, polepole, kwa minong'ono. Halafu wimbo ule ule unarudi, kila saa kasi kidogo, kelele kidogo, mpaka okestra nzima inakimbia. Hakuna wimbo mpya umeongezwa. Ni ujanja wa kupandisha tu, na kila prodyusa wa klabu anaujua huo ujanja kwa jina lingine.

Halafu kuna kimya. Watoto wa siku hizi mnajaza kila nafasi na ngoma. Muziki wa mizuka unahitaji mashimo. Hatua, hatua, hatua, kimya, halafu zailofoni moja: ko. Kicheko kinakaa ndani ya hicho kimya.

MSEE WA BENDI ASIYESOMEA MUZIKI

Turudi kwa Elfman, juu yeye ndiye amekalia kiti cha Oktoba zaidi ya miaka 30. Huyu hakusoma muziki shuleni. Alikuwa na bendi ya roki, Oingo Boingo. Tim Burton alipompa filamu yake kubwa ya kwanza, Pee-wee's Big Adventure ya 1985, Elfman hakuwa na mazoea ya okestra, kwa hivyo mpiga gita wa bendi yake, Steve Bartek, akamsaidia kupanga vyombo. Wawili hao wakaendelea: Beetlejuice ya 1988, Batman ya 1989, na hatimaye The Nightmare Before Christmas.

Hiyo ya mwisho Elfman alitunga nyimbo kabla hata kuwe na skripti iliyokamilika. Burton alikuwa anamsimulia kipande cha stori, Elfman anaenda kukiandikia wimbo. Yeye mwenyewe ndiye anayeimba sauti ya Jack Skellington. 2023, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka hiyo filamu kwa orodha ya kazi za kuhifadhiwa taifa. Na Netflix walipoleta Wednesday 2022, walimpigia nani simu aandike wimbo wa kufungua? Huyo huyo.

Kuna sehemu ya stori yake wengi hawaijui. Akiwa kijana, kabla ya hizo filamu zote, alizunguka Afrika kwa miezi kadhaa akipiga muziki barabarani na kukusanya ala za kugonga za Afrika Magharibi, mpaka magonjwa yakamrudisha nyumbani. Kwa hivyo siku nyingine ukiskia mbao zikigongana kwa kazi zake, kumbuka huyo jamaa alishika ala zetu mapema. Na hata hilo neno "marimba" ambalo dunia nzima hulitumia ni la Kibantu. Mifupa ya Halloween ina undugu na huku kuliko vile mnadhani.

SASA DOH IKO WAPI?

Skiza stori ya Vic Mizzy. 1964 aliandikia TV wimbo wa The Addams Family: kinanda cha zamani cha nyuzi kiitwacho hapsikodi, basi, na vidole viwili vikialika. Kampuni iliyotengeneza kipindi ilikataa kulipia waimbaji, kwa hivyo Mizzy aliimba mwenyewe na kurekodi sauti yake juu ya sauti yake mara tatu. Bajeti ilikuwa hewa. Lakini alibaki na haki za wimbo wake, na huo mwaliko wa vidole ukamlisha vizuri maisha yake yote.

Hapo kuna somo moja kubwa: alichobaki nacho ni karatasi. Sauti kila mtu aliiskia bure.

Na sheria iko upande wako zaidi ya vile unafikiria. Kenya, hakimiliki ya utunzi wa muziki inaisha miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Nchi nyingi za Ulaya ni 70. Saint-Saëns alifariki 1921, Grieg 1907, Dukas 1935. Hizo tungo zao ni mali ya kila mtu. Unaweza kuchukua Danse macabre, kuivunja, kuipanga upya, kuiweka kwa bit yako na kuuza, hakuna mtu atabisha mlango.

Lakini chunga hapa, juu ndipo wengi huchomeka: utunzi ni wa bure, rekodi sio. Okestra iliyorekodi Danse macabre juzi ina haki ya hiyo rekodi. Ukikata sampuli kwa video ya YouTube, umeiba. Kaa chini, soma nota, piga upya mwenyewe. Nota za Elfman nazo usiguse. Yuko hai na mawakili pia wako hai.

Vyombo je? Huhitaji okestra ya watu 80. Programu ya MuseScore ni ya bure na ina sauti za okestra za bure. Spitfire Audio wana toleo dogo la okestra ya BBC ambalo unaweza kulipata bila kulipa. Halafu fanya ujanja wa mapprodyusa wa filamu wenye bajeti kavu: weka chombo kimoja cha kweli juu ya hizo sampuli. Sikio la mtu hufuata kile chombo kinachopumua, na kinasamehe vingine vyote. Wapigaji wako hapa hapa. Korogocho kuna Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge 2008, na umetoa mayut wanaoshika vayolini, klarineti na tarumbeta fiti kabisa. Mlipe mmoja saa mbili, kwa heshima, kwa mkataba.

Na usingoje Oktoba. Watu wa matangazo na magemu huchagua muziki miezi mapema. Ngoma ya Halloween inaandikwa wakati wengine wako na baridi ya Julai.

NA AI JE?

Najua kuna msee tayari anasema: kwani si nibonyeze tu, AI initolee? Unaweza. Lakini angalia vile mambo yamekuwa. Juni 2024, Universal, Sony na Warner waliwashtaki Suno na Udio kule Marekani, wakidai hizo programu zilifunzwa kwa rekodi zao bila ruhusa. Oktoba 2025, siku chache kabla ya Halloween yenyewe, Universal na Udio wakapatana nje ya korti. Wazito wanagawana keki yao. Wewe hauko kwa hiyo meza.

Kubwa kuliko hiyo: Januari 2025, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilisema kuandika maagizo kwa AI peke yake hakutoshi kukufanya mwenye kazi. Yaani ukiuza huko ngoma iliyotolewa hivyo, unauza kitu ambacho huenda si chako. Kumbuka Mizzy na karatasi yake. Hiyo karatasi ndiyo unaitupa.

Tena kuna shida ya sikio. Mwambie AI "muziki wa Halloween wa kuchekesha" na itakupa wastani wa kila kitu: selesta, midono, kwaya inayosema uuu. Itaskika sawa. Na itaskika sawa na ya watu wengine elfu walioandika maneno hayo hayo.

RIENG YA MTU WA HAPA

Basi utawapiku vipi wasee wa Los Angeles? Kwa vitu ambavyo hawana.

Chukua orutu, fidla ya Waluo ya uzi mmoja. Sauti yake inakwaruza, inateleza, inalia ka mtu. Saint-Saëns alilazimika kuharibu vayolini ili Kifo kipate sauti. Orutu imezaliwa nayo. Iweke juu ya basuni inayonyata uone.

Chukua mapigo. Charles Gounod, Mfaransa mwingine, aliandika maandamano ya mazishi ya kikaragosi aliyekufa kwa pigano. Ndiyo ngoma iliyokuwa ikifungua vipindi vya Alfred Hitchcock kwa TV kuanzia 1955. Kwa stori yake, waombolezaji wanachoka njiani, wanapita mahali kupoza koo, halafu wanakumbuka kuna mazishi. Hakuna Mkenya anahitaji kuelezewa huo utani. Sasa, hiyo ngoma iko kwa 6/8. Chakacha ya Pwani pia iko kwa 6/8. Mazishi ya kikaragosi na kiuno cha Mombasa vinahesabu pamoja, na njia hiyo iko wazi kabisa.

Chukua hadithi. Tuna zimwi, tuna mizimu, tuna majini ya Pwani, tuna irimu la Wakikuyu lenye mdomo wa pili kisogoni. Bibi zetu walizisimulia wakitutisha na kutuchekesha kwa sentensi moja, na walijua mahali pa kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya Saint-Saëns, bila okestra.

Ukitaka kuanza leo, jaribu hivi. Hatua 8 tu. Mapigo ya 6/8, ufunguo wa huzuni. Basi inatembea chini kwa midono. Wimbo mfupi wa nota tano au sita ambao mtoto anaweza kuuimba, wenye F# moja inayokuna ikipanda kwa G. Hatua ya saba, nyamazisha kila mtu. Ya nane, gonga marimba mara moja. Halafu rudia, na kila duru ongeza msee mmoja wa mbogi na kasi kidogo. Mchezee mtoto wa jirani. Akishtuka peke yake, bado. Akicheka peke yake, bado. Akishtuka halafu akacheka, enda usajili hiyo kazi kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki, kabla uiweke popote.

Hao mabeste wa mtandaoni wataendelea kuuliza ka Halloween ni yetu ama ni ya wazungu. Cheki itaandikwa bado wakibishana. Swali ni jina la nani litakuwa juu yake.

Wewe unaonaje? Ukipewa zimwi moja uliandikie ngoma, ungeanza na chombo gani?